Skrini ya Kumulika kwa Tochi

Mimi sina kompyuta. Sijui hata inawashwa vipi. Lakini skrini yake ninayo, ipo hapa juu ya sanduku la nguo, imefunikwa leso, na kila anayeingia ndani huitupia jicho kisha akajifanya hakuiona. Nataka kuandika ilivyofika hapa, kwa sababu habari yake imepita midomo mingi na kila mdomo umeongeza chumvi. Shule niliiacha mapema nikaenda kuchunga mbuzi za baba, basi atakayeona nimekosea kuandika anivumilie. Nilichokiona sikukosea. Na kama mtu ananiuliza siogopi kutoa siri za nyumba yangu, namjibu kwamba wanaonitaka roho hawasomi vitabu.

Niliinunua kwa sababu ya sikio. Sikio la kulia sina. Lilibaki shambani kwangu katikati ya mahindi, jua likiwa limeshapanda, watu wakipita njiani kwenda kisimani na hakuna aliyegeuza shingo. Waliokuja walikuwa wamejifunga vitambaa usoni. Lakini mguu haukufungwa kitambaa. Mmoja wao alikimbia akiutupa mguu wa kushoto pembeni, kama mtu anayefukuza kuku, na katika ukoo wetu mzima anayekimbia hivyo ni mmoja tu: mtoto wa marehemu kaka yangu, aliyeanguka mnazini akiwa mdogo. Siku aliyoanguka, aliyembeba mgongoni hadi hospitali ni mimi. Naandika hapa kwamba ni yeye. Polisi niliwaambia ni yeye. Mashahidi walipoitwa, kila mmoja alikuwa na mazishi ya kwenda, na kesi ikafa.

Sababu waliyoitoa ni uchawi. Mvi zilinianza ningali kijana wa kuoa, na huku kwetu bara ya Malindi, upande wa Jilore, mtu akifa watu hutazama vichwa. Wenzangu wenye mvi huenda mjini kwa kinyozi wakapaka rangi nyeusi, wanarudi na vichwa vinavyong'aa kama viatu vya mwalimu. Mimi nilikataa. Kaka yangu alipokufa kwa kifua, wakatazama kichwa changu. Hiyo ndiyo sababu ya kusema hadharani. Sababu yenyewe ni kipande cha shamba la baba kinachogusa barabara. Dalali mmoja wa mjini alikuwa na mnunuzi, na kipande hicho hakiuziki mimi nikiwa hai.

Mtu mmoja tu hakukubali kwamba ni yule kijana. Ni shangazi yangu, dada wa baba, ambaye ndiye aliyemlea kijana huyo mama yake alipoolewa kwingine. Shangazi aliniuguza. Aliosha kidonda kwa maji ya chumvi, akanilisha uji, lakini kila nilipomtaja mjukuu wake alinyanyuka akatoka kwenda kumwaga maji ambayo hayajachafuka.

"Ulikuwa na damu machoni," aliniambia. "Siku ile ungemwona hata babako."

Nilirudi kwangu. Watu walidhani sitarudi. Binti yangu, ambaye hufanya usafi kwenye nyumba za kupanga huko Mtwapa, alinisihi nihamie kwake, nikamwambia nikitoka shambani hata kwa wiki moja nitakuta nguzo za saruji zimeshasimikwa. Kisha mwenye nyumba wake akabadilisha kamera zake za ulinzi, akatupa za zamani, naye akaziokota pamoja na kisanduku chake na nyaya. Akaja na fundi. Nzima ilikuwa moja tu. Fundi akaitia ndani ya makuti ya paa, likatokeza jicho dogo tu linalotazama lango, ua na jiko la nje. Binti yangu akaniambia nisimwambie mtu, maana wakijua ilipo watajua pa kurusha jiwe. Kilichobaki, akasema, ni skrini, ninunue yoyote ya bei ya chini, hata iliyotumika.

Nilikwenda Malindi kwenye duka la vyombo vya mtumba nyuma ya soko. Muuzaji ni yule mwenye ndevu za hina, anayezungumza taratibu kama anakuombea dua. Alinipa kiti, akaniita baba, akaagiza kahawa. Skrini zilikuwa zimepangwa ukutani kama sahani. Nikamwambia nataka ya chini kabisa. Akanitolea moja yenye ukingo uliopasuka na karatasi imebandikwa nyuma, akaiwasha, ikatoa picha ya maua mekundu mazuri mno. Akaniambia hii inatoka ofisini, haikutumiwa vibaya. Nikasema sawa. Kabla sijamaliza kahawa alikuwa ameshaizima na kuifunga kwenye gunia, na hapo ndipo ningejua kama ningekuwa na akili: haraka yake ya kuizima.

Nyumbani iliwaka. Siku za mwanzo nasema kweli nilifurahi. Nilikuwa nikiona lango na mti wa mkorosho na kuku wangu, na yeyote apitaye. Kwa mara ya kwanza tangu nikatwe niliweza kula sima nikiwa nimeupa mlango mgongo. Mtu ambaye hajawahi kukatwa hawezi kujua hiyo ni raha gani. Nilikuwa nakula huku nimeitazama, na mate yalianza kushuka sawasawa tena.

Kisha siku moja, mchana, ikafumba. Haikupiga kelele wala kutoa moshi. Ikawa nyeusi tu. Nikaizima nikaiwasha, ikaonyesha ua kwa kitambo cha kufumba na kufumbua, ikawa nyeusi tena. Nilikaa na mgongo ukutani siku ile yote na sikuweza kumeza kitu.

Nikairudisha dukani. Mwenye ndevu za hina alinitazama kama hajawahi kuniona. Akasema iliwaka hapa mbele yangu, sasa huko kwetu huenda stima ndiyo mbovu. Mali ya mtumba, akasema, ikishatoka mlangoni imetoka. Nikamwambia sina nguvu ya kubishana, nataka kujua tu kama ni nzima au si nzima. Ndipo akaichomeka, akatoa simu yake, akawasha tochi ya simu, akaiegesha kwa upande karibu na kioo.

"Picha ipo, baba. Iliyokufa ni taa yake ya ndani. Mulika uone."

Nikainama. Na kweli, ndani ya ule weusi, pale mwanga ulipopita, niliona majani ya yale maua ya mwanzo, hafifu, kama kitu kilicho chini ya maji ya kisima. Ukisogeza tochi, yanasogea nayo.

"Sasa nifanyeje?" nikamuuliza.

"Nunua na tochi," akasema, na wale waliokuwa wamekaa barazani pake wakacheka.

Sikumsamehe na sitamsamehe. Lakini tochi nilinunua.

Hivyo ndivyo nilivyoishi nayo. Ukitaka kuona lazima chumba kiwe na giza, kwa hivyo nilikuwa nafunga dirisha mchana kutwa. Nilijifunza kuishika tochi ubavuni mwa skrini, si mbele, maana mbele unaona uso wako tu. Nilikuwa naanza na lango, nashuka na njia, naingia ua, namalizia jikoni kwenye mtungi wa maji, kama mtu anayesoma kwa kidole. Huwezi kuona vyote kwa pamoja. Ukiwa kwenye mtungi hujui nani yuko langoni. Basi unarudi langoni, unarudi mtungini, unarudi langoni. Shingo iliniuma, macho yalitoka machozi, na bado ilikuwa bora kuliko kukaa bila.

Aliyeniponza ni mke wa jirani yangu, yule wa upande wa mto. Nilimwona langoni, amekuja kuomba chumvi kama kawaida yake, akilificha bakuli chini ya leso. Nilikuwa sijacheka na mtu muda mrefu, nikataka kumtania. Kabla hajapiga hodi nikapaza sauti kutoka ndani.

"Ingia, mama, chumvi ipo. Na hilo bakuli usilifiche, ni langu."

Aliingia polepole. Alinikuta chumbani, dirisha limefungwa, nimekiinamia kioo cheusi na tochi mkononi. Akaniuliza nimemwonaje. Nami, mpumbavu, nikakionyesha kwa kidole nikasema nimekuona humu. Kwa pale aliposimama yeye, palikuwa na weusi mtupu.

Aliliweka bakuli chini. Chumvi hakuchukua.

Huku kwetu mganga wa kutazamia hukaa chumba cha giza, huinamia kioo, akakutajia nani anakuja na amebeba nini. Yeye ni mganga, hulipwa na kuheshimiwa. Mtu aliyekwisha kukatwa sikio kwa uchawi akionekana anafanya hivyo hivyo, huyo si mganga. Ni mutsai, mchawi, na sasa kuna aliyemwona kwa macho. Mke wa jirani alisema niliona hadi kilichokuwa chini ya leso yake. Kufika sokoni, nilikuwa naona hadi kilichokuwa tumboni mwa wajawazito. Ningewaeleza habari ya kamera, lakini ningewaonyesha na pa kurusha jiwe. Nikanyamaza, na kunyamaza kwangu wakakuhesabu kuwa ni kukubali.

Mbuzi wa mtu akafa. Mtoto wa mtu akaota nikimkaba. Mzee wa kijiji akatuma neno niende kwake asubuhi ya siku fulani, nikaelezwe lini ataletwa mganga wa kufukua. Huyu ni yule anayekuja na ngoma na umati, akanusa nusa uani kwako, kisha akachimba akatoa kilichozikwa. Na akishatoa, sina haja ya kueleza. Mwaka uliopita alitoa kwa mzee mmoja ng'ambo ya mto, na nyumba ya mzee yule sasa ni majivu na magugu. Binti yangu alilia kwenye simu. Nikamwambia nikikimbia nimekiri.

Asubuhi ya kwenda kwa mzee wa kijiji, shangazi alikuja. Hakupita langoni, alipita nyuma, kwenye mihogo, ili asionekane. Nikafunga mlango nyuma yake, nikatia gogo. Alikuwa ameshika mchi.

"Kiko wapi hicho kioo?" akasema. "Nakivunja. Ukienda kwa watu uwaambie kimevunjika."

Nikasimama mbele yake. Nikamwambia shangazi, wewe ndiye uliyenishika nikizaliwa, shika basi na tochi hii utazame mwenyewe, kisha uvunje ukitaka. Akasema hawezi kushika kitu hicho. Nikamwambia ni tochi ya dukani. Akabishana, akasema macho yake hayaoni, nikamkalisha juu ya kinu, nikamwekea tochi mkononi, nikauongoza mkono wake.

"Hao ni kuku wako," akasema baada ya kitambo. Kisha, kwa sauti ya mtu aliyedhulumiwa, "Na hao kuku wako nje sasa hivi?"

Nikamwambia ni sasa hivi. Akaisogeza tochi mwenyewe. Alipofika langoni mkono wake ukasimama.

Lango lilikuwa linafunguka. Mtu aliingia, akatazama huku na huku, akaanza kuvuka ua. Uso haukuonekana vizuri, picha ni hafifu na mtu ni mdogo kama kidole. Lakini alikuwa akiutupa mguu wa kushoto pembeni.

Nilimsikia shangazi akivuta pumzi na kutoitoa. Mimi mkono ulikuwa umeshafika kwenye panga lililolala juu ya sanduku. Aliusikia ukienda, akanishika kifundo cha mkono bila kugeuza kichwa, na kwa mkono wa pili akaendelea kumulika. Akamfuata kwa mwanga kutoka njiani hadi jikoni. Yule mtu alichuchumaa kando ya mtungi wa maji. Akausukuma. Akachimba kwa kijiti. Akatoa kitu kifuani, kibuyu kidogo kilichoviringishwa kitambaa, akakiweka, akafukia, akaurudisha mtungi, akaukanyaga mchanga kwa mguu wake mzima.

Kisha akaja mlangoni.

Hapo skrini haikuwa na kazi tena, maana kilichotutenga ni mbao. Shangazi alizima tochi. Tulikaa gizani, na mwanga wa jua ulipenya chini ya mlango, na ndani ya ule mwanga vikaja vivuli vya miguu miwili. Mlango ulisukumwa kidogo. Gogo likalia.

"Hodi, baba mdogo," akasema. "Baba mdogo, upo?"

Kwa adabu kabisa. Kama mtu aliyeniletea papai. Shangazi alifungua kinywa, na nikajua anataka kumwitikia, kwa sababu mtoto aliyemlea anabisha hodi na yeye yuko ndani. Nilimtazama. Alikifunga kwa ncha ya leso akaiuma. Vivuli vikakaa, vikakaa, kisha vikaondoka, mguu mmoja wima na mmoja ukichota mchanga.

Nilitaka tukafukue. Akakataa.

"Ukifukua ukakitupa, wataleta kingine. Kiache."

"Na mganga akija akikitoa?"

"Nitakuwapo." Alinyanyuka kwa mchi wake. Mlangoni akageuka. "Lakini nikisema nimeona kwenye hicho chako, tutakufa wawili. Hicho hakitajwi. Umesikia?"

Nikasema nimesikia. Nikaenda kwa mzee wa kijiji nimechelewa, nikapewa siku.

Siku hiyo walikuja wengi, hata waliohamia Mariakani walirudi kutazama. Mganga alikuwa na ngozi begani na viatu vya michezo. Akazunguka, akapiga chafya, akanusa paa langu, nikasema moyoni sasa ataiona kamera, lakini hakuwa na haja ya kutazama kokote, alishaambiwa. Akazunguka tena kwa ajili ya ngoma, kisha akaenda moja kwa moja kwenye mtungi. Vijana walikuwa na mapanga, na mmoja alikuwa na galani ya mafuta ya taa ameiweka katikati ya miguu kana kwamba si yake. Mtoto wa kaka yangu alikuwa mbele, amevaa shati jeupe. Mimi nilikuwa nimesimama peke yangu, na kunizunguka pana uwazi, kama unaoachiwa maiti.

Shangazi akasimama.

"Ngoja usichimbe," akamwambia mganga. "Mimi sina kioo wala ngoma. Ngoja niwaambie kilichomo." Akawaambia. Kibuyu, udogo wake, kitambaa kilichokizunguka. Akamgeukia mzee wa kijiji. "Mjukuu wangu huyu ndiye aliyekizika. Nilimwona kwa macho yangu, siku ile ulipomwita baba yake mdogo kwako."

Mzee wa kijiji akamuuliza alikuwa wapi hata amwone asionwe. Akasema alikuwa kwenye ua wa kuogea, pale, nyuma ya makuti.

"Bibi, hujulikani kuoga kwa watu," akasema mmoja wa vijana, na wengine wakaguna kicheko.

"Nilikuwa naoga," akasema shangazi. "Unataka nivue nikuonyeshe nilivyokuwa?"

Kijana akatazama chini. Mzee wa kijiji akaagiza mtu mwingine achimbe, si mganga. Kikatoka. Kibuyu kile kile, kitambaa kile kile. Mganga akaanza kufunga mkoba wake kama mtu aliyekumbuka ana basi la kuwahi.

Mtoto wa kaka yangu hakukana. Alimtazama yule aliyemlea, akasema neno moja tu, "Hawe," yaani bibi kwa lugha ya kwetu, kama alivyomwita alipoanguka mnazini. Naye hakumwitikia. Yule mjukuu akapita katikati ya watu, wakampisha, akatoka langoni. Tuliambiwa baadaye anapakua malori Mariakani.

Hakuna aliyeniomba radhi. Mzee wa kijiji alisema mambo yamekwisha, watu waende makwao. Mwenye galani akaichukua galani yake. Mke wa jirani siku hizi hunisalimu kutoka mbali, na kuna wanaonijia kwa nyuma, kwenye mihogo, kuniuliza kwa sauti ya chini kama naweza kuwatazamia nani amewaibia mbuzi. Ni wale wale. Nawafukuza.

Binti yangu amesema ataniletea skrini nyingine, nzima, inayowaka kama televisheni. Nimemwambia aache. Ikiwaka, kila mgeni ataona ua wangu ndani yake, na siku ya pili watauliza upya ni nani aliyeoga na ni nani aliyeona. Uongo wa shangazi ndio ulioniacha hai, basi nauangalia usipasuke.

Na kuna jambo jingine. Shangazi huja sasa, karibu kila siku, anapita nyuma. Haulizi. Anafunga dirisha mwenyewe, anafunua leso, anakaa juu ya kinu na kunyoosha mkono nimpe tochi. Hatazami jiko wala kuku. Anamulika lango, na mkono wake umeshakuwa mtulivu kuliko wangu. Nami hukaa kando yake nikitazama lango hilo hilo, na panga liko juu ya sanduku.

Juzi mtu alisimama pale nje. Alisimama muda mrefu, ameshika mti wa lango, na hakutembea, kwa hivyo miguu haikutuambia kitu. Shangazi aliisogeza tochi hadi ikagusa kioo. Kisha yule mtu akaondoka kwa upande ambao kamera haifiki.

Shangazi alipokuwa akijifunga leso kuondoka, aliongea bila kunitazama.

"Lile komeo la lango, leo usilifunge."

Nikamwambia sawa. Nilimsindikiza hadi kwenye mihogo, nikangoja mpaka mgongo wake ukapotea. Kisha nikarudi nikalifunga.